Kipimajoto Kikae Wapi?

Pombe inayochachuka ina joto lake yenyewe. Anayejifunza kupika pombe nyumbani hulisahau jambo hili kwa sababu amezoea vitu vinavyopoa. Chai hupoa, ugali hupoa, maji ya kuoga yakisahauliwa kwenye beseni hupoa. Lakini weka togwa yenye chachu kwenye chumba chenye nyuzijoto 18, funga mlango, kalale. Kesho yake ndoo itakuwa na nyuzi 21 au 22, na hakuna aliyewasha moto. Chachu imekula sukari, imetoa kileo na hewa ukaa, na katika kula huko imetoa joto.

Hesabu yake haitishi. Kila kilo ya sukari inayochachuka hutoa takriban kilojuli 500 hadi 600. Chukua ndoo ya lita 20 ambamo kilo moja na nusu ya sukari italiwa hadi kuisha: ni kama kilojuli 800. Joto hilo lote likikosa pa kutokea, ndoo nzima ingepanda kwa karibu nyuzi 10. Kwa bahati nzuri hupata pa kutokea. Kazi yote ya kupoza pombe ni kuamua litokee wapi na kwa kasi gani.

Ninasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya chakula Morogoro, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikibeba swali ambalo mwanzoni nililidhania kuwa la fundi wa friji. Ukitaka kukitawala kitu kinachotoa joto lake chenyewe, kipimajoto unakiweka wapi? Nimelifikiri vya kutosha kujua kwamba ni swali la maadili pia, na kwamba jibu lake linawagusa watu ninaowajua kwa majina.

Tuanze na fundi. Wapo wanaopika bia nyumbani mijini, wanaonunua friji kuukuu na kuigeuza kabati la kuchachushia. Huiunganisha na themostati, kifaa kidogo cha kuwasha na kuzima friji, chenye waya mrefu na kihisi kwenye ncha. Kuseti namba ni rahisi, vitufe vitatu tu. Kigumu ni kujua ncha ya ule waya iende wapi.

Ukiiacha ining'inie hewani ndani ya friji, kifaa kitaandika 18, na hakitakuwa kimesema uongo. Hewa ina nyuzi 18 kweli. Pombe, kwa upande wake, iko kwenye 22 na inapanda, nayo chachu iliyopata joto kupita kiasi hutengeneza vileo vizito vyenye ukali unaounguza koo. Ukitazama kioo kile utaridhika na kwenda zako. Kipimo ni sahihi, ila kinapima kitu kingine.

Basi unafanya kinyume, unautumbukiza waya katikati kabisa ya pombe. Sasa kifaa kinajua ukweli, lakini kinaujua kwa kuchelewa. Friji inawaka, hewa inashuka hadi 4, ubavu wa ndoo unapoa, lakini katikati bado kunasoma 21, kwa hiyo friji inaendelea kuwaka. Katikati kunapofika 18 friji inazima, ila baridi iliyokwishajazana pembeni inaendelea kuingia. Pombe inateremka hadi 16, 15. Chachu inashikwa na usingizi na kuzama chini kabla ya kumaliza kazi. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: kitu kinachopozwa kwa ghafla hunywea. Hewa iliyo juu ya pombe inasinyaa na ndoo inavuta ya nje, pamoja na vumbi lake na vijidudu vyake.

Wazoefu huubandika waya ubavuni mwa chombo, chini ya usawa wa pombe, kisha huufunika kwa kipande kinene cha sponji ili usidanganywe na hewa ya friji. Hukiruhusu kifaa kivumilie nyuzi moja juu au chini bila kufanya lolote. Mota ikizima, huisubirisha dakika chache kabla ya kuwaka tena. Wakitaka kushusha joto kwa kiasi kikubwa, hushusha kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kwa maneno mengine, unapima ukiwa umekigusa kile unachokitawala, na ukishapima huna haraka ya kuadhibu.

Sasa twende Hirbadaw, upande wa Hanang, ambako sijaona mtu mwenye friji ya kuchachushia, na ambako kinamama wamekuwa wakifanya kazi hiyohiyo tangu zamani.

Pombe ya kule, ambayo Wairaqw huiita *buura*, hupikwa kwa nafaka na kimea. Kuna mapoozo mawili ndani yake. La kwanza ni la uji: uji ukiwa wa moto mno unaua nguvu ya kimea ya kugeuza wanga kuwa sukari, ukiwa wa baridi mno kimea hakifanyi kitu. La pili ni kabla na wakati wa kuchachuka, na hapo ndipo penye ustadi usioonekana. Mama mkubwa wangu, ambaye amesomesha watoto watatu kwa pombe, huupima uji kwa kidole na mtungi kwa upande wa nyuma wa kiganja. Huanza kazi alasiri ili chachu iingie wakati ubaridi wa jioni unaingia. Mwezi Juni na Julai huisogeza mitungi karibu na jiko, na miezi ya joto huiweka kwenye kona ya sakafu ya udongo upande usiopigwa na jua.

Na mtungi wenyewe unafanya kazi. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi ya kuziba hutoka jasho: maji hupenya polepole, hufika nje, hukauka kwa upepo, na yakikauka huondoka na joto. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua takriban kilojuli 2,400. Rudi kwenye zile kilojuli 800 za ndoo ya lita 20. Theluthi moja ya lita ya jasho kwenye ngozi ya mtungi inatosha kulibeba joto lote ambalo chachu italitoa tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilirudia mara mbili, nikidhani nimekosea sifuri.

Tatizo lilikuja na mafanikio. Mama mkubwa na wenzake watano waliunda kikundi, wateja wakaongezeka, wakanunua mapipa ya plastiki ya lita 200. Pipa halivunjiki, linasafishika, na linabeba kazi ya mitungi kumi. Lakini pipa halitoki jasho. Tena, chombo kikikua, ujazo wake hukua haraka kuliko ngozi yake, kwa hiyo joto linaongezeka na njia ya kutokea inakuwa finyu. Pombe ya mapipa ikawa haitabiriki. Wiki hii tamu, wiki ijayo kali na chungu, nyingine imechacha kabla ya siku ya mnada. Wanywaji wakaanza kuiita pombe ya kichwa. Kikundi kikaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo, nifanye nini na elimu yangu.

Ningeweza kuandika hapa sifa za mkono wa mama na kuishia hapo. Makala za namna hiyo ni nyingi, na huwa zinapendeza kusoma. Mkono unajua, mashine haijui, Waafrika tulikuwa na hekima, basi. Ila sioni kama ni kweli kiasi hicho.

Kwanza, ugomvi kati ya mkono na kipimajoto si wetu peke yetu. Wapika bia wa Uingereza waliupitia katika karne ya 18. James Baverstock, kijana wa familia ya wapika bia, anakumbukwa kwa kutumia kipimajoto kwa siri kwa sababu baba yake hakutaka vitu hivyo vipya katika kazi iliyojulikana kwa kidole na pua. Na friji iliyoko nyumbani kwako ina undugu na pipa la bia: katika miaka ya 1870 Carl von Linde alitengeneza mashine zake za kupoza akishirikiana na wapika bia wa Munich, waliokuwa wamechoka kutegemea barafu ya majira ya baridi. Kila mahali wazee waliona kifaa kinawanyang'anya kitu. Kila mahali pia kifaa kiliwapa vijana sauti.

Hili la pili ndilo linalonigusa. Mkono wa mama mkubwa unajua, lakini hauwezi kubishiwa. Binti anayejifunza akisema "naona bado ni ya moto," jibu ni moja: "Wewe mkono wako bado." Hana pa kukata rufaa. Kipimajoto cha bei ndogo kinasomeka sawa kwa mzee na kwa mtoto, kwa aliyeolewa kijijini na kwa aliyezaliwa hapo. Kuna usawa ndani ya namba ambao wapenda mila huwa hawautaji, labda kwa sababu hawajawahi kuwa mdogo kuliko wote jikoni.

Kwa hiyo sina ugomvi na kupima. Swali langu linarudi palepale: waya uko wapi?

Nalisema hili nikiwa na mfano wa jirani kabisa. Nyanda za Basotu, katika Hanang hiihii, zilikuwa malisho ya Wadatoga, hasa Wabarbaig. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, serikali ilianzisha huko kilimo kikubwa cha ngano, na baadaye Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likawa na mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Gawal na Warret. Kwa jumla yalifikia kama ekari 100,000. Kipimo cha mradi kilikuwa ngano kwa hekta, na kwa kipimo hicho kulikuwa na miaka mizuri. Lakini ardhi ile ilikuwa na joto lake. Wafugaji walihama nayo kwa majira, kutoka aina moja ya malisho hadi nyingine, na mashamba yalichukua yale yenye rutuba kuliko yote. Makaburi ya wazee wao, *bung'eda*, mengine yalilimwa kwa trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua kwa sehemu kubwa.

Sidhani waliopanga mradi ule walikuwa watu wabaya, na hilo ndilo linalofanya mfano huu uwe wa maana kwangu. Walikuwa na njaa ya taifa mbele yao, na nchi iliyotaka mkate. Waliona namba, na namba ilikuwa sahihi. Waya ulining'inia hewani. Wahenga walilisema kwa namna yao: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi ningeongeza kwamba anayelala kitandani mara nyingi ameshasema, ila hakuna kifaa kilichobandikwa upande wake.

Nikiwa na fikra hizi nilirudi Hirbadaw na pendekezo lililonifurahisha mwenyewe. Nililiandaa vizuri. Mapipa yagawanywe katika vyombo vidogo. Yale makubwa yafunikwe magunia yaliyoloweshwa na kuwekwa penye upepo, ili plastiki ipate ngozi ya kutoka jasho. Kikundi kinunue vipimajoto viwili, na kila asubuhi na jioni mmoja wao aandike namba daftarini pamoja na neno lake mwenyewe la jinsi pombe inavyonuka na kusikika. Hakuna umeme, hakuna mkopo, maarifa yanabaki kwao. Nilikuwa nimeshaona jinsi aya hiyo itakavyokaa katika sura ya mwisho ya tasnifu.

Mama mkubwa alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, kwenye chumba chako huko Morogoro si kuna friji?"

Nikasema ipo.

"Basi kwa nini mimi unanipa gunia?"

Wenzake wakacheka, naye hakucheka. Alieleza kwamba yeye ana umri wa kuchoka, kwamba kulowesha magunia kwa pipa tatu ni ndoo kadhaa za maji kwa siku, na maji hayaji yenyewe. Nyumba ya mwenzao mmoja imeingiziwa umeme. Walishasikia kuna kabati la kupozea linaloweza kutengenezwa kwa friji iliyokufa na kifaa kidogo cha kuwasha na kuzima. Walichotaka kwangu ni kujua kama linafaa, na linatunzwaje. Magunia wanayajua. Walikuwa wakiyatumia kwa mitungi kabla sijazaliwa.

Hapo kuna somo la kimaadili ambalo darasani hatukulipata. Ukimtetea mtu dhidi ya mashine asiyoiogopa, umemwekea kipimajoto hewani. Nilikuwa napima mazingira: umaskini wa kijiji, historia ya ngano, heshima ya mila. Yote ni kweli, na yote yako nje ya pipa. Ndani ya pipa kulikuwa na mwanamke anayetaka kupumzisha mgongo.

Kwa hiyo kigezo nilichonacho sasa ni chembamba zaidi, lakini naona kinabeba uzito. Utawala juu ya kitu chenye uhai wake, iwe pombe, mtoto, shamba au kikundi cha kinamama, una uhalali pale ambapo anayebeba joto anaweza kusoma kipimo, kukibishia, na kuibadilisha namba. Kifaa kinaweza kuwa cha kisasa kadiri yoyote. Gunia linaweza kuwa dhuluma na friji ikawa haki, au kinyume chake, kutegemea nani ana mkono kwenye vitufe.

Kuna anayeuliza, na ana haki ya kuuliza, kama kazi hii nzima inastahili. Baridi haipunguzi kileo. Pombe iliyopozwa vizuri ni laini zaidi kooni, na ulaini unaweza kumfanya mtu anywe zaidi. Nimeona kule nyumba ambazo ada ya shule ilitoka kwenye kilabu, na nyumba ambazo ada ya shule iliishia kwenye kilabuni hapohapo. Sina mizani ya kuzipima hizo mbili moja dhidi ya nyingine. Najua tu kwamba pombe katika jamii ile haijawahi kuwa kinywaji cha mtu mmoja na kiu yake. Ilipikwa kwa ajili ya mkusanyiko, na palipokuwa na mkusanyiko palikuwa na mzee wa kusema *slufay*, ile sala ndefu ya kishairi ya Wairaqw ya kuombea watu, mifugo na mvua, wengine wakiitikia. Wakati wa kunywa ulijulikana, na wakati wa kunyamaza pia. Huo nao ulikuwa udhibiti, na kipimajoto chake kilikuwa kimebandikwa ubavuni mwa watu. Pombe inayouzwa kila siku ya wiki imeuacha nyuma. Hilo halitatatuliwa na themostati, na katika tasnifu yangu nitaandika hivyo waziwazi, kuliko kuweka sentensi ya kusifu kipato cha kaya na kupita.

Tulilitengeneza kabati mwezi Agosti. Ndani yake linaingia pipa dogo la lita 60, kwa kuwa lile la 200 halikupita mlangoni, na kwa fizikia ni afadhali hivyo. Waya umebandikwa ubavuni, chini ya usawa wa pombe, umefunikwa kwa kipande cha godoro. Kuhusu namba tulibishana. Vitabu vyangu vilinipeleka kwenye 20, mama mkubwa akataka zaidi, akisema chini ya hapo pombe "inalala bila kula." Tuliijaribu 24, tukaijaribu 22. Wanywaji hawakuambiwa ipi ni ipi. Walichagua 24. Binti mdogo wa mmoja wa wanakikundi ndiye anayeandika daftari, na wiki ya tatu alimwambia mama mkubwa mbele ya watu kwamba mkono wake umekosea kwa nyuzi mbili. Mama mkubwa alikwenda kuangalia, akarudi, akaketi, akaomba asomewe tena.

Ambalo bado halijaamuliwa ni ufunguo. Kabati lina kufuli, kwa sababu ya watoto na kwa sababu ya wanaume wanaorudi usiku na kiu. Mwenye nyumba yenye umeme anasema ufunguo ukae kwake, maana bili ni yake. Wengine wanasema kabati ni la kikundi. Wamekutana mara mbili juu ya hilo. Wameniuliza sayansi inasemaje, nami nimewajibu kwamba sayansi ya chakula haina jibu la swali hilo, kwamba ni lao, na kwamba watakapoafikiana waliandike kwenye daftari lilelile, chini ya joto la siku hiyo.